Yai, Moja

Miaka thelathini na mbili nilipima kahawa
katika ghala la ushirika, chini kidogo ya shule.
Kiganja hiki kinajua kilo kabla ya mizani kutulia,
na Mbokomu nzima wananiita mkono wa birika.
Kwa hiyo walinipa daftari la sadaka.
Bahili, walisema, ndiye wa kutunza cha Mungu.
Sikukasirika.

Daftari lina safu nne:
tarehe, jina, maelezo, shilingi.
Jumapili ya mavuno safu hazitoshi.
Uliletwa mkungu mzima wa mshare,
yakaja magimbi yenye udongo wake,
maziwa ya mgando, kibuyu kimezibwa kwa jani la mgomba,
jogoo wa Ringo aliyewika katikati ya Sala ya Bwana,
na mzigo wa majani ya ng'ombe, umande haujakauka,
wa yule asiye na kitu ila panga na mabega.

Baada ya baraka tukatoka uani kwa mnada.
Mnadi wetu ni Nderumaki, fundi magari wa Pasua,
sauti yake ingefukuza nyani mahindini.
Jogoo akaenda. Mshare ukaenda.
Kisha akainua, kwa vidole viwili,
yai.

La nani?
La Aikaruwa, binti wa marehemu Macha.
Asante, Mungu: ndilo jina alilopewa
kabla hajajua kudaiwa.
Ana miaka tisa, na mguu uliotoka kwenye plasta mwezi wa nane.
Kuku wake ndiyo kwanza ametaga.
Bibi alimwambia, la kwanza si letu.
Hakusema la nani. Mtoto akalifunga kwenye kitambaa.

Elfu moja. Nikaandika.
Mama Foya wa duka la dawa akalipokea,
akalitazama kwenye jua, akasema:
Narudisha. Linadiwe tena.
Elfu tatu, Mwalimu Ndesario. Akarudisha.
Elfu saba, wanakwaya walichanga, nao wakarudisha.
Likapita mkono kwa mkono kama maji ya mfongo,
alfajiri kwa huyu, adhuhuri kwa yule wa chini,
na hakuna anayejenga ukuta aseme, yamefika.

Kalamu yangu ikasimama.
Yai dukani ni shilingi mia tano.
Kwa mizani yoyote niliyowahi kuigusa
hii ni hasara, au ni kichaa.

Ndipo nikakumbuka mwezi wa nne,
daktari alipotoka chumba cha upasuaji akinitafuta,
nami moyoni nikaanza kupigia hesabu mbao za jeneza.
Akasema: Mama amezinduka. Anaomba uji.
Siku ile niliandika nini? Katika safu ipi?
Nililipa bili.
Nikadai risiti.

"Elfu ishirini."
Watu wakageuka. Nderumaki akashusha yai.
"Nani? Mhazini?"
Kicheko kilizunguka ua, hakikuwa kibaya.
Mke wangu, aliyekaa kwenye benchi la wagonjwa,
aliinamisha kichwa akijifanya anatafuta kiatu.

Wakanipa. Lilikuwa na joto la mikono yote ile.
Nikafungua kinywa niseme, narudisha,
na kiganja kinachojua kilo
hakikujua yai.

Krak.

Kimya. Ute ukashuka vidoleni, kiini kikaangukia daftari,
juu ya jina langu, juu ya elfu ishirini.
Aliyecheka kwanza ni Aikaruwa mwenyewe,
akaja akichechemea, akanifuta mkono kwa kitambaa chake,
polepole, kidole kwa kidole, kana kwamba mimi ndiye mtoto.

Juzi alikuja mkaguzi wa jimbo.
Jumla ilikuwa sawa, senti kwa senti.
Akafunua ukurasa, akakwaruza kwa ukucha:
"Mzee, hapa kwenye maelezo hamna neno.
Na hili doa la njano, linalong'aa, ni nini?"

Nikamwambia, risiti.